TAHADHARI: Mita ya njano "ya mgodini" na kitafuta shoti vinavyouzwa hapa Mwanza

Mafundi umeme wa magari wa Mwanza na kanda yote ya ziwa, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook anauza seti ya kutafutia hitilafu za wayaringi ya gari. Ni mita ya kupimia umeme, ya njano, yenye jina la kampuni kubwa ya Marekani, pamoja na kitafuta shoti cha vipande viwili: kimoja unakichomeka kwenye waya, kingine unapita nacho juu ya zulia kikilia pii pii. Vyote laki moja na themanini. Hadithi yake ni kwamba mzigo umetoka mgodini upande wa Geita, mkataba umeisha, vifaa vimegawiwa. Najua mtasema mita halali ya aina ile peke yake inazidi hela hiyo mara kadhaa. Nilijua hata mimi. Tamaa tu.

Anakukutanisha Makoroboi, katikati ya watu, mkononi ana mfuko wenye betri ya pikipiki. Anapima mbele yako, namba inakuja safi kabisa. Anaunganisha kitafuta shoti kwenye kipande cha waya, kinalia pale pale alipokikata. Halafu anakupa boksi jingine, "lako hili, bado lina stika." Hapo ndipo mchezo ulipo. Aliyoonyeshea si uliyobeba. Ukidai risiti anakwambia hapa ni mtaani bosi, garantii miezi sita, namba yangu unayo.

Kazi ya kwanza niliyoifanya na mita ile ilikuwa Hiace ya abiria ya mzee mmoja wa Magu. Malalamiko mawili: asubuhi starta inavuta kwa uzito, na fyuzi ya taa za nyuma inaungua kila wiki. Nikapima betri, gari limezimwa tangu jana yake: volti 11.4. Betri iliyojaa inasoma kama 12.6, kwa hiyo nikamwambia mzee betri imekufa. Akanunua mpya, laki mbili na ushee. Nikaifunga, nikapima: 11.5. Nikambebesha kijana tukairudisha dukani kwa hasira. Mwenye duka akapima na mita yake iliyofungwa plasta, 12.7. Akanitazama tu. Sikuwa na la kumwambia, na mzee alikuwa amesimama nyuma yangu na betri yake ya zamani kwenye toroli.

Kilichofuata kingeweza kutuletea majeraha makubwa. Kijana wangu alikuwa amepima ampea za umeme unaovuja gari likiwa limezimwa, akasahau kurudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti. Ukabaki kwenye tundu la ampea 10, akagusa nao betri. Kosa hilo kila fundi amewahi kulifanya, na kwenye mita ya kweli linaishia kwa fyuzi ya ndani kukatika. Hii haikukatika. Waya uliyeyuka mkononi mwake, plastiki ikamganda kiganjani. Betri ya gari ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea. Ana alama ya mstari mpaka leo.

Jioni nikaifungua. Tundu la ampea 10 halikuwa na fyuzi kabisa: wameunganisha kipande cha waya na risasi ya kulehemu, basi. Tundu la miliampea, la kupimia umeme mdogo, lina fyuzi ndogo ya kioo kama ya redio ya zamani, wakati nyuma ya mita wameandika volti 1000. Mita inayostahili maandishi hayo huwa na fyuzi nene za kauri zilizojazwa mchanga ndani. Nikachuna waya za kupimia, nikasogeza sumaku ya spika mbovu. Nyuzi zikaifuata. Shaba haivutwi na sumaku, ndugu zangu. Ilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba, tena nyembamba kuliko waya wa chaja.

Kwa hiyo ukiletewa mita, yoyote ile, fanya haya papo hapo kabla hela haijatoka. Weka kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa waya, gusanisha ncha mbili: isome 0.1 mpaka 0.3 hivi. Yangu ilisoma 4, na ukizichezesha waya inaruka hadi 9. Pima betri moja kwa mita mbili, ya kwake na ya jirani unayemwamini. Mwambie afungue mgongo muone fyuzi. Na iwe ile ile utakayoondoka nayo, si ya kuonyeshea. Akikataa, mwache na boksi lake.

Sasa hicho kitafuta shoti. Vifaa vya aina hiyo vipo vya kweli na vinafanya kazi, sivitukani. Hiki kinalia ukikisogeza kwenye simu, kinalia ukipita chini ya taa ya tyubu, kinalia hata ukikisugua kwenye ovaroli. Niling'oa zulia la Hiace upande mzima wa kushoto nikikifuata. Hakuna kitu.

Shoti ya mzee niliipata kwa balbu ya indiketa. Balbu ya wati 21, holda yake, waya mbili, nikachomeka mahali pa fyuzi. Kwenye volti 12 balbu hiyo hairuhusu kupita hata ampea 2, kwa hiyo shoti ikiwepo inawaka tu kwa nguvu, hakuna waya unaoungua. Kwanza toa balbu zote za nyuma, maana zikibaki itawaka kidogo na kukudanganya. Halafu unaanza kutikisa mkanda wa nyaya kipande kwa kipande. Nilipofika kwenye mpira wa mlango wa nyuma, pale nyaya zinapojikunja kila mlango ukifunguliwa, ikazima. Nikauacha, ikawaka. Ndani ya ule mpira waya wa kijani ulikuwa umechunika, unagusa bodi. Kazi ya dakika ishirini, kwa kifaa ambacho hakifiki elfu tano.

Ule uzito wa starta nao haukuwa betri. Niliazima mita, ncha moja kwenye kichwa cha negativu ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu akapiga starta. Ikasoma 1.8. Hapo haitakiwi kuzidi nusu volti. Waya wa negativu ulikuwa umeliwa na kutu ndani ya plastiki, nje unang'aa. Na huu waya ukiupima kwa mlio wa mita ulikuwa mzima! Ndiyo maana maonyesho ya yule jamaa ya pii pii hayathibitishi kitu: waya wenye nyuzi thelathini ukibakiwa na uzi mmoja bado utalia, omu zitasoma vizuri, ila ukiubebesha mzigo, yaani umeme mwingi kama wa starta, volti zinapotelea njiani. Pima ukiwa na mzigo.

Taa ya kupimia ya balbu pia ni nzuri, ila isiguse nyaya za njano za eabegi wala nyaya za kompyuta ya gari. Kwenye za kompyuta tumia mita; za eabegi usizipime hata kwa mita. Ya kawaida ya elfu thelathini kutoka duka lenye risiti ya EFD na mlango usiohama inatosha kazi zetu nyingi.

Mzee nilimlipa nusu ya betri, nyingine tumekubaliana kwa kazi. Hakupiga kelele, jambo ambalo liliniumiza zaidi.

Nilipompigia muuzaji alisema nimeiunguza mwenyewe. Mara ya pili simu haikupokelewa, ya tatu nimeblokiwa. Mwenzangu wa Buzuruga alituma hela yote kabla, akaambiwa mzigo upo kwenye basi, stendi ya Nyegezi hakukuta kitu. Namba yake tumeiripoti kwa 15040, ile ya kuripoti utapeli wa simu, na mita yenyewe nimeihifadhi ikiwa wazi hivyo hivyo. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, nitaipeleka huko. Kama nawe umenunua kwake usiitupe, tuunganishe malalamiko.

Jina simtaji, maana amebadilisha mara mbili. Picha hajabadilisha: boksi la njano juu ya siti ya bajaji, kona ya kulia imebonyea, nyuma linaonekana pazia la bluu. Juzi nimeiona tena kwenye grupu la Sengerema, bei imeshuka laki na hamsini.