The Americans, episodi ya mwisho: Stan kapigwa chenga au kaamua mwenyewe?

Oya wanangu mambo vipi, karibuni tena. Leo tunaweka mezani episodi ya mwisho ya The Americans, inaitwa START, ilirushwa kwenye chaneli ya Marekani ya FX tarehe 30 Mei 2018. Najua ni ya kitambo, lakini kila nikiitaja hii sirizi watu wanagombana upya kama imetoka jana, sasa leo tuimalize. Spoila zipo mwanzo mwisho, kama hujaangalia simamisha video hapa hapa, kamalize sizoni zote 6 halafu rudi, mi sitoki.

Kwa wageni, fasta fasta. Philip na Elizabeth Jennings ni mtu na mkewe, watoto wawili, wana ofisi yao ya mambo ya safari na tiketi, wanaishi pembeni ya Washington miaka ya 80, kumbe ni majasusi wa KGB, shirika la ujasusi la Wasovieti, waliopandikizwa tangu vijana. Na jirani yao wa ng'ambo ya barabara ni Stan Beeman, FBI, kazi yake ndo hiyo hiyo ya kusaka majasusi wa Urusi. Mwanzilishi wa sirizi, Joe Weisberg, mwenyewe aliwahi kufanya kazi CIA, na chimbuko la stori ni wale majasusi 10 wa Urusi waliokamatwa kule Marekani mwaka 2010, watu walikuwa wanaishi mtaani wana majirani na nyasi zao wanakata kama kawaida. Kwa hiyo hii siyo hadithi ya kufikirika tu.

Haya, lawama ya kwanza ninayoisikia sana: "bro, sizoni sita nasubiri moto halafu episodi ya mwisho hata risasi hailii?" Nakuelewa kabisa. Sisi tumekulia vibanda umiza, tumezoea steringi anamaliza kwa mtutu halafu nyuma yake nyumba inalipuka. Ila hebu rudi kwenye ile sini ya paking uiangalie tena, taa zimezimwa ndani, simu umeiweka mbali.

Stan kajibanza nje ya jengo analokaa Paige, binti yao. Wanatoka watatu wanaelekea kwenye gari, anawaita. Mwanzoni Philip anajifanya eti mtoto anaumwa wanamrudisha nyumbani, anaongea kwa ile sauti ya jirani mwema, hadi anatabasamu kidogo. Stan anatoa bastola. Na kuanzia hapo dakika kama 10 ni watu wanne wamesimama kwenye saruji wanaongea tu, hakuna muziki wa kukuambia sasa ogopa, na mimi jasho lilikuwa linanitoka. Angalia uso wa Matthew Rhys, anayecheza Philip, pale anapoacha kuigiza ujirani, mabega yanashuka, sauti inashuka, anakubali kwamba ndiyo, ni sisi. Rhys alibeba Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, mwaka huo, na waandishi wakabeba yao kwa episodi hii hii, na sidhani kama kuna mtu alilalamika.

Sasa kambi kubwa ya watazamaji inasema Stan bwege. FBI mzima, mtu amekuua moyo miaka yote hiyo, bunduki unayo wewe, unampisha anaondoka? Kapigwa sound akalainika!

Mi nakataa. Sikilizeni vizuri wanachoongea mle. Philip hamwombi huruma peke yake, anamwambia kuna watu ndani ya KGB wanataka kumpindua Gorbachev, kiongozi wa Wasovieti, na lazima taarifa ifike Moscow. Na Stan hilo alishalisikia kutoka kwa Oleg, jamaa aliyewahi kuwa KGB, ambaye muda huo yuko selo. Watu wawili tofauti, maneno yale yale, na hiyo ni Desemba 1987, Gorbachev yupo Washington kusaini na rais Reagan mkataba wa kufuta makombora ya masafa ya kati. Kwa hiyo Stan kichwani ana sababu ya kikazi kabisa ya kuwaachia, siyo urafiki tu. Na jamani ukiangalia historia, Agosti 1991 jaribio la kumpindua Gorbachev lilitokea kweli na mkuu wa KGB alikuwemo, so waandishi hawakuokota hilo jalalani.

Halafu kuna kitu wengi wanakipita. Katikati ya kuungama kote kule, Stan anauliza kuhusu Gennadi na Sofia, mume na mke Warusi waliokuwa wanaisaidia FBI wakauawa, na kina Philip wanakana. Wameshakubali ujasusi, wameshavuliwa kila kitu, bado wanadanganya, na binti kasimama pembeni anasikia. Stan siyo mtoto, unamwona kabisa usoni hajaliamini lile. Anawapisha akijua nusu ni uongo. Ndo maana nasema hakupigwa chenga, kachagua, na atalala na hilo kila siku.

Na kabla hawajaondoka Philip anamtupia moja ya mwisho: kwamba Renee, mke wa Stan, huenda naye ni mwenzao, ila hana uhakika. Aisee! Wengine wanasema kamlipizia, wengine wanasema ni upendo, kamwonya kama rafiki. Mi naona ni vyote viwili, maana ukishamwambia mwanaume hivyo hawezi tena kula chakula cha mkewe kwa amani, lakini usipomwambia umemwacha gizani.

Treni sasa, wanatorokea Kanada. Wamevaa sura za bandia, wamekaa mbali mbali, maofisa wanapanda mpakani kukagua pasipoti, wimbo wa U2 unapiga, wewe umekaza macho kwa yule ofisa, na kumbe balaa liko upande wa pili wa dirisha: Paige kashuka, kasimama nje, treni inaondoka. Keri Russell, anayecheza Elizabeth, hasemi neno pale. Watu wanamponda Paige eti kawasaliti wazazi, jamani, Henry mdogo wake wameshamwacha shule bila hata kumwambia ukweli, huyu angeenda Urusi kufanya nini, lugha yenyewe ya kubabaisha!

Kinachoniuma mimi ni Oleg. Kaja Marekani kwa nia njema, kaacha mke na mtoto mchanga, na episodi inamwacha ndani hivyo hivyo na kumpa dakika chache. Hapo nakata pointi. Pia robo saa ya mwanzo inajivuta, ukiwa umechoka utasinzia.

Nawapa 9 kwa 10. Angalia na sabutaitoli, ya kutafsiriwa na madijei hii haifai, mtu akiongea juu ya ile sini ya paking umekosa kila kitu.

Sasa Renee. Mwishoni kasimama nje anaiangalia nyumba ya kina Jennings wakati FBI wanapekua, na ule uso mi nimeurudisha mara kibao. Mi nasema ni jasusi. Anayebisha aje na ushahidi, siyo matusi.