Maganda ya ndizi au mkaa wa vifuu: kipi kinanasa risasi majini?

Kwa metali kama risasi na shaba, mimi naanza na maganda ya ndizi. Yaoshe, yaanike mpaka yavunjike mkononi, kisha yasage. Pektini iliyomo ina asidi zinazong'ang'ania metali zenye chaji chanya. Ila maji yasiwe na asidi kali: pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ikiwa chini ya 3, haidrojeni huwahi nafasi nyingi kwenye unga na risasi nyingi hubaki majini. Kasoro nyingine utaiona kwa macho, maana unga mbichi huyapa maji rangi ya chai, na ukikaa huoza.

Mkaa wa vifuu vya nazi hauozi. Ukipitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi hupata vitundu visivyohesabika, na kwa klorini na harufu ni hodari. Kwa zebaki, viwanda huutia salfa kwanza. Lakini tanuri la namna hiyo nani analo nyumbani?

Maji machafu ya karakana ya betri, asidi yake ikishapunguzwa, ningeyapitisha kwenye unga wa maganda ya ndizi, halafu mkaa uondoe rangi. Ya kunywa yapimwe maabara: kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa risasi ni mikrogramu 10 kwa lita. Na maganda yaliyokwisha kazi wasipewe mbuzi.