Miezi kumi na pufu sebuleni: ipi nimeipenda, ipi imenikera

Sebule yangu hapa Tabata ni hatua nne kwa tano, na mlango wa chumbani unafungukia humo humo. Nilipohamia nilikuja na seti nzima ya makochi aliyoniachia dada yangu: la watu watatu, la wawili na la mmoja. Yalipoingia yote, mtu akitaka kwenda jikoni ilibidi apite kiubavu kama konda wa daladala saa kumi na moja jioni. Mwishowe nikaliuza lile kubwa, nikabaki na ukuta mtupu na swali la watu watakaa wapi.

Na watu wanakuja kweli. Kikoba chetu kinazunguka majumbani, na zamu yangu ikifika tunakuwa kumi na mmoja. Siku za kawaida tupo watatu tu: mimi, mwanangu wa darasa la tatu na dada wa kazi. Viti vya plastiki vingetosha, sikatai, lakini sebule yenye viti vya plastiki vilivyopangwa ukutani mtu akichungulia atauliza nani amefariki.

Ndiyo nikaanza kuwinda pufu. Kwa ambaye hajakutana nazo, ni kama kigoda kisicho na mbao wala miguu: mfuko mnene wa duara au mraba, umeshindiliwa kitu laini, unakaa moja kwa moja sakafuni. Jina ni la Kifaransa, na zile za ngozi zenye nyota ya kudarizi juu zinatoka Morocco. Sisi watu wa mkeka na baraza kukaa chini hatukufundishwa na mtu, ila hapa unakaa chini bila kuamka na alama za ukili mapajani.

Ya kwanza niliinunua mtandaoni kwa Sh 95,000, ya leza rangi ya kahawia. Kwenye picha ilikuwa imevimba vizuri, kando yake kuna ua na kikombe cha kahawa. Ililetwa na bodaboda, na nilipomwona kijana anaibeba kwa kidole kimoja nilipaswa kushtuka pale pale. Ndani mlikuwa na zile punje nyeupe nyepesi, ndugu wa zile zinazokinga televisheni kwenye boksi. Ukikaa inalia kwashakwasha. Joto la mwezi wa kumi na mbili lilipofika, leza ikawa inagandana na ngozi, ukinyanyuka inakuachia kwa sauti ambayo mbele ya wageni inabidi uielezee. Kufikia mwezi wa tatu ilikuwa imebonyea katikati kama andazi lililokandamizwa.

Halafu siku moja mwanangu akafungua zipu aone kilichomo, na feni inazunguka namba tano. Punje zile hazizoleki. Ukizifagia zinakimbia ufagio, ukizishika zinaganda mkononi, ukizipuliza umejimaliza. Nilizikuta kwenye nywele, kwenye sufuria la wali, nyuma ya friji, na wiki mbili baadaye moja ilitoka ndani ya kiatu cha kazini. Muuzaji nilimwandikia mara tatu. Tiki zikawa za bluu, jibu hadi leo sina.

Ya pili na ya tatu nikaenda kutengenezesha Keko. Fundi aliangalia picha kwenye simu yangu, akanirudishia simu, akauliza: "Dada, unataka ya picha au ya kukalia?"

Nikamwambia ya kukalia. Akanikalisha kwenye benchi lake, akapima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti langu, akasema inchi kumi na sita, isipungue. Zile za madukani nyingi ni fupi kwa sababu zinakula kitambaa kidogo, na ufupi ndio unaoua magoti. Kisha akanionyesha anavyojaza, na hapa ndipo nilipoelewa pesa yangu ya kwanza ilikwenda wapi. Alikata sponji ngumu ya inchi mbili, akaizungusha kama ukuta wa kisima. Ndani ya kisima akashindilia chenga za sponji, yale mabaki ya kukatia makochi, anaweka kidogo, anakanyaga kwa goti, anaongeza. Juu akafunika na sponji nyingine nzima ili makalio yasikutane na mabonge. Vyote hivyo vinakaa kwenye mfuko wa ndani wa kitambaa cha marekani ulioshonwa mara mbili, halafu ndipo linakuja vazi la nje lenye zipu, ambalo unalivua na kulifua.

Nilimuuliza kuhusu sufi, maana nilikua nikilalia mto wa sufi na ninaupenda. Akacheka. Sufi nzuri kwa kichwa, alisema, ukiipa mtu mzima aikalie kutwa inashikana, na kila wiki utaiweka juani kama mtama. Nilimbishia, nikamshonea mwanangu kipufu kidogo cha sufi kwa mkono wangu. Fundi alikuwa sahihi. Kila Jumapili kiko kwenye kamba ya nguo.

Kitambaa nilinunua mwenyewe Kariakoo. Macho yalinipeleka kwenye velveti ya kijani, nikajikaza, kwa sababu barabara yetu bado ni ya vumbi na velveti hainyimi vumbi makazi. Nikachukua jinzi ya bluu nzito kwa moja na kitambaa cha pazia cha rangi ya haradali kwa nyingine. Chini ya zote mbili fundi aliweka leza, na hilo ni wazo lake, kwamba deki ikipigwa maji yasipande. Kila kitu pamoja, kila moja ilinigharimu Sh 70,000, na bajaji ya kurudi nazo nikalipa Sh 8,000 huku nimezikumbatia.

Ni miezi saba sasa tangu zije, bado zimesimama. Siku ya kikoba nazisogeza katikati, watu wanakaa mgongo kwa mgongo na daftari la hisa magotini. Siku nyingine moja inakuwa meza, ila sinia lazima liwe pana na zito. Niliwahi kuweka sahani ndogo yenye kikombe cha chai, shoga yangu mmoja akaegemea, chai ikaenda yote kwenye haradali. Vazi lilifuliwa, doa likatoka. Kasoro niliyoiona ni kwamba ile ya bluu niliyoiacha dirishani imepauka upande mmoja, na ukiziburuta juu ya mkeka wa ukili unachana mkeka. Nyanyua, usiburute. Masika nayo yalinifundisha kuzilaza ubavu asubuhi, maana chini ya ile ya haradali nilikuta ukungu wa kijivu umeanza kuota kama unga.

Kuna nyingine ndogo ya ngozi niliyoinunua Zanzibar, Mji Mkongwe, ikiwa tupu kabisa, imekunjwa kama bahasha. Hiyo nimeijaza mablanketi mawili ninayoyatumia nikienda Njombe kwa wakwe. Dar blanketi halina kazi wala mahali pa kukaa, sasa limepata vyote viwili. Tatizo nikisafiri sebule inapungua kiti.

Mama mkwe ndiye mkaguzi aliyenikwamisha. Alipokuja mwezi wa sita nilimkaribisha kwa mbwembwe kwenye ile ya bluu. Akaitazama, akaibonyeza kwa fimbo.

"Mwanangu, kukaa nitakaa. Kuniinua utaniinua wewe?"

"Basi mama, karibu kwenye kochi."

"Hapo sawa."

Kwa hiyo lile kochi la mtu mmoja haliuzwi, hata wanikute na dau gani. Mwenye magoti mabovu, mjamzito wa miezi ya mwisho au mzee asikalishwe kwenye pufu, hata iwe ya inchi kumi na sita, kwa sababu haina pa kushika wakati wa kunyanyuka.

Ile ya leza sikuitupa. Niliifunga zipu kwa uzi wa nailoni, nikaipeleka uani. Mwanangu na wenzake wanaitumia kama nguzo ya goli, na nguzo ya pili ni ndoo.