Vyelezo vya vijito vya Marekani katika mikoko ya Chake Chake

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikivulia pakiti ya vyelezo sita, au maboya kama wengi wetu tunavyoviita, niliyoinunua kwa shilingi 18,000 katika duka moja la zana za uvuvi mjini Unguja. Picha iliyo juu ya pakiti ni ya samaki asiyepatikana katika bahari yetu, naye ni yule ambaye wavuvi wa Marekani humwita smallmouth bass na wataalamu humwita Micropterus dolomieu. Ni samaki wa maji matamu ya Amerika ya Kaskazini, hupenda vijito vyenye mawe na magogo yaliyozama, na mkubwa kuliko wote aliyewekwa katika kumbukumbu, aliyevuliwa mwaka 1955 katika ziwa la Dale Hollow lililo mpakani mwa Tennessee na Kentucky, alikuwa na uzito wa kilo 5.4 hivi. Aliyewahi kumpandisha chewa wa kiasi chomboni hatashtuka kwa uzito huo. Lililonifanya niitoe fedha yangu ni yale magogo.

Mtu anayevua katika kijito chembamba chenye vikwazo, kiwe cha Tennessee au kiwe kile kinachoingia ndani ya mikoko ya hori la Chake Chake, ana tatizo moja, nalo ni kuwa samaki hukaa pale pale ambapo ndoana hunasa. Mshipi wa chubwi, yaani wenye kipande kizito cha kuuzamisha, ambao ndio tuliolelewa nao, huipeleka ndoana chini kabisa, na chini ya mikoko kuna mizizi, matawi yaliyooza na chaza wakali kama wembe walioshika kila kitu. Chelezo hukiacha chambo kining'inie shibiri moja au mbili juu ya vikwazo hivyo na kusafiri na mkondo, kikipita mbele ya chewa na changu waliojificha.

Vyelezo vinne kati ya hivi sita ni vya kuteleza, na hapo ndipo thamani ya pakiti ilipo. Mshipi hupita katika tundu lililo katikati ya chelezo, juu yake hukaa ushanga mdogo, na juu ya ushanga hufungwa fundo la uzi linaloamua chambo kishuke kiasi gani. Ukitaka kina zaidi, unalisukuma fundo kwa kucha bila ya kukata wala kufungua kitu. Katika kijito cha Marekani huenda mvuvi akalisogeza fundo hilo mara chache tu kwa siku. Kwetu, siku za bamvua, maji hupanda zaidi ya mita tatu kwa muda wa saa sita hivi, na kipimo kilichofaa wakati maji yanaanza kujaa hakifai tena baada ya nusu saa. Nimejizoeza kulisogeza fundo kila ninapobadilisha chambo, na tangu hapo ndoana ninazozipoteza zimepungua sana. Vile viwili vinavyobanwa mahali pamoja nimevitumia tu siku za maji mafu, ambapo maji hayapandi sana, na sina la ziada la kuvisifia.

Mvuvi mgeni wa chelezo ataona kwamba kikiachwa kiende peke yake hutangulia mbele na chambo hubaki nyuma, kikiburutwa hadi kinase. Dawa yake ni kuuzuia mshipi kidogo kwa kidole, ili chelezo kichelewe, chambo kitangulie na kuinuka kinapofika kwenye mzizi. Mshipi wangu mkuu una unene wa milimita 0.35, na kipande cha mwisho chenye ndoana ni cha milimita 0.28, kwa hivyo kinaponasa kisitoke hukatika hicho na chelezo hurudi nyumbani. Bunju, bila shaka, hukata vyote viwili kwa meno yake, na dhidi yake pakiti hii haina msaada wowote.

Kasoro zake si ndogo. Vipete vya chuma vilivyomo vilianza kutu wiki ya pili, ingawa nilivisuuza kwa maji ya kisima kila niliporudi. Ni dhahiri kuwa aliyevitengeneza hakuifikiria chumvi. Balsa, mbao ambayo vyelezo vimechongwa kwayo, ni nyepesi na huonyesha hata mguso wa chaa mdogo, lakini rangi yake huchubuka kwenye chaza, maji huingia, na chelezo kilichokuwa kikisimama wima huanza kulala upande. Viwili vimekwisha kuharibika hivyo. Ncha yao ni ya kijani, rangi isiyoonekana kabisa ndani ya kivuli cha mikoko, nami nimelazimika kuzipaka rangi ya kucha nyekundu niliyoiazima kwa dada yangu. Muuzaji, nilipomweleza habari ya kutu, alinijibu kwamba bidhaa ikishatoka dukani hairudi.

Anayevua kwa mshipi wa mkono asidhani kuwa vyelezo hivi havimhusu. Ami yangu, ambaye amevua katika hori hilo tangu kabla sijazaliwa, alikaa nami kidauni asubuhi moja maji yakijaa, akanitazama nikipata chaa saba na changu wawili bila ya kupoteza ndoana hata moja, kisha akaniambia, "Mwanangu, nipe ule uzi wa fundo na hizo shanga, dude lenyewe kaa nalo." Siku ya pili alikuja na chelezo alichokichonga kwa soli ya ndara kuukuu, akapitisha katikati yake bomba la kalamu ya wino. Hakichubuki, hakinywi maji, na soli yenyewe ilikuwa nyekundu.