Uzoefu Wangu wa Kutafuta Bingwa Mpya wa Ubongo: Bahasha Iliyosukumwa kwa Ncha ya Kalamu

Sikukusudia kuandika neno lolote kuhusu kliniki ile, kwa kuwa nilijiambia kwamba mgonjwa anayelalamika sana huishia kukosa wa kumtibu. Lakini kila ninapoiona ile bahasha ya kaki juu ya kabati hasira hunirudia upya, na heri niyaandike kuliko kuendelea kuwachosha wanangu kwa kuwasimulia jambo lile lile.

Nilipasuliwa kichwa miaka kadhaa iliyopita, kabla ya korona, pale MOI, yaani taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambayo wengi wetu bado tunaifahamu kwa mifupa na majeruhi wa bodaboda ilhali ubongo na mishipa ya fahamu nayo ni kazi yake. Uvimbe wangu ni meninjioma ya daraja la kwanza, yaani uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo wala si ndani ya ubongo wenyewe, na si saratani. Daktari aliyenipasua aliutoa karibu wote akaacha kipande kidogo makusudi, kwa sababu kilikuwa kimejishikiza kwenye ukuta wa mshipa mkubwa wa damu unaopita utosini, na akatueleza waziwazi, mimi na marehemu mume wangu, kwamba kung'ang'ania kukitoa kungeweza kuniamsha kitandani nikiwa sina miguu ya kunibeba. Tangu siku hiyo maisha yangu yamekuwa ni vidonge vya kuzuia degedege asubuhi na jioni, na mara moja kwa mwaka kupimwa figo, kuchomwa dawa ya kung'arisha picha, kuingia kwenye mashine ya MRI na kurudi kliniki na CD mkononi.

Daktari yule alipostaafu nikajiona yatima. Dada mmoja tunayesali naye alinitajia kliniki binafsi ambayo, kwa maneno yake, haina foleni, na ambako kuna daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo anayekuja siku mbili kwa wiki. Kuhusu hiyo foleni isiyokuwapo nitasema tu kwamba nilifika saa moja asubuhi nikaonwa saa nane mchana, na kwamba kijana wa mapokezi alipoona zamu yangu imefika alisimama mlangoni akapaza sauti mbele ya benchi zima: "Yule mama wa kichwa aingie!" Watu wote wakageuka kunitazama, na mtoto mmoja akasogea karibu na mama yake. Anayezungumza Kiswahili hahitaji kuelezwa mtu akiitwa wa kichwa anafikiriwa nini. Hilo, hata hivyo, nilikuwa tayari kulisamehe.

Nisichoweza kusamehe ni kilichotokea mezani. Daktari hakusalimia. Simdai shikamoo, ingawa ana umri wa mwanangu wa pili, lakini hata "karibu" hakuitamka. Nilimwekea mbele yake bahasha yenye CD zangu zote, kila moja nikiwa nimeiandika mwaka kwa kalamu ya wino mzito, pamoja na, kwa nilivyodhani, majibu ya maabara ya nyama iliyokatwa siku ya upasuaji. Juu yake niliweka ripoti ya MRI mpya, ambayo haikuwa na hata miezi miwili. Akaichukua ripoti, akaisoma nusu ukurasa, akaisukuma bahasha kwa ncha ya kalamu mpaka ikanirudia kifuani, kama mtu anayeondoa sahani yenye mabaki. Akasema, "Za zamani sizihitaji, na kompyuta hii haina sehemu ya kuingizia CD." Kisha akanitangazia, kwa sauti ya mtu anayeleta habari, kwamba nina uvimbe kichwani wa milimita 13, kwamba kitu kama kile si cha kuachwa, na kwamba nikamwone kijana wa mapokezi anipangie siku ya upasuaji.

Nina uvimbe kichwani! Nimeishi nao miaka yote hiyo, nimeulipia, nimeuombea, nimeubeba kwenye daladala kutoka Mbagala, halafu mtu aliyenijua kwa dakika nne ananipasha habari kwamba ninao. Nilimwambia, "Daktari, hicho ni kipande kilichoachwa makusudi, na sababu imeandikwa humo ndani." Akajibu kwamba yeye hutibu picha ya leo, si historia. Sijui kama alijua alichokuwa akisema, kwa sababu kwa mgonjwa wa aina yangu picha ya leo peke yake haisemi chochote. Milimita 13 zinaweza kuwa zile zile za tangu siku ya kutoka wodini, na zinaweza kuwa zimekua maradufu, na njia pekee ya kujua ni kuziweka picha mbili bega kwa bega na kupima mahali pale pale. Kliniki ya ufuatiliaji maana yake ni hiyo, na bingwa asiyefungua CD za nyuma hafuatilii kitu. Nilitoka nikiwa nimeshalipa fedha ya kumwona daktari, na sikupita tena mapokezi.

Mwanangu wa kwanza ndiye aliyenipeleka baada ya wiki kadhaa kwenye hospitali moja ya umma, kwa rufaa, na huko foleni ilikuwapo kweli, tena ya kukaa kwenye ngazi. Daktari alikuwa mwanamke, kijana pia. Alisimama nilipoingia akasema, "Shikamoo mama, pole kwa kusubiri." Machozi yalinilenga kabla sijaitikia marahaba. Kompyuta ya chumba kile nayo haikuwa na sehemu ya CD. Tofauti ni kwamba yeye alifungua mkoba wake akatoa kisomeo kidogo cha kuchomekwa kwa waya, ambacho alisema alikinunua mwenyewe kwa sababu wagonjwa wote wanakuja na CD na kompyuta zote mpya hazizisomi. Alianza na CD ya zamani kuliko zote, ile iliyopigwa miezi mitatu baada ya upasuaji, akaiweka upande wa kushoto wa kioo na ya mwaka huu upande wa kulia, akavuta mstari wa kupimia hapa na pale, akarudia tena, kisha akanigeuzia kioo nione.

Ya kwanza ilisoma milimita 9. Ya sasa ilisoma 12.

Hapo ndipo uandishi wangu unapoanza kunishinda. Ripoti zangu za kila mwaka zote zilisema hakuna badiliko la maana, na kila moja ilisema kweli, kwa sababu ililinganisha na ya mwaka uliotangulia tu, na tofauti ya nusu milimita hupotea ndani ya makosa ya kawaida ya kupima. Ukipanga ya mwanzo na ya mwisho ndipo inaonekana kwamba kinakua, polepole, lakini kinakua. Kwa hiyo yule bwana wa kalamu, aliyesema si kitu cha kuachwa tu, hakuwa amekosea kabisa. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kuifuta mara mbili. Nilitaka kuwaambia watu wasikanyage pale, na sasa nalazimika kukiri kwamba kama ningemtii, angalau ningeshtuka mapema.

Lakini hapana. Angenipasua! Daktari huyu wa pili alisema kisu mahali pale bado ni hatari ile ile aliyoieleza mwenzake aliyestaafu. Alisema nirudie MRI baada ya miezi sita badala ya mwaka, kwenye mashine ile ile na kwa vipimo vile vile, na ikiwa kitaendelea kukua basi tutazungumza habari ya tiba ya mionzi, ambayo hapa kwetu wengi hupelekwa Ocean Road, taasisi ya saratani, kuipata. Yule wa kwanza alibahatisha nusu ya jibu bila kusoma swali, nami siwezi kumpa sifa ya kubahatisha juu ya kichwa changu. Labda alikuwa amechoka. Labda wanamlipa kwa idadi ya wagonjwa. Bado angeweza kuigusa ile bahasha kwa mkono.

Jambo moja limebaki. Daktari mpya ameomba karatasi ya majibu ya maabara ya nyama, ili aione daraja la uvimbe kwa macho yake, nami nimeitafuta ndani ya bahasha na chini ya godoro bila kuipata. Nimekumbuka jana usiku kwamba kijana wa mapokezi wa kliniki ile aliichukua asubuhi ile kabla sijaingia kwa daktari, ili aitolee kivuli, na hakuirudisha, kwa hiyo Jumatatu, nikipenda nisipende, narudi kule kwenye benchi kusubiri kuitwa.