Tathmini ya ofisi ya ushauri wa kodi Arusha, na jibu la darasani nisilokubaliana nalo

Wafanyabiashara wenzangu wa Kilombero na Soko Kuu wamekuwa wakiniuliza kuhusu ofisi ndogo ya ushauri wa kodi ninayoitumia hapa katikati ya jiji. Ninaieleza kwa kirefu kidogo, kwanza kwa sababu huduma yao ni ya kuaminika, na pili kwa sababu katika darasa lao la Jumamosi liliulizwa swali zito ambalo, kwa maoni yangu, lilijibiwa nusu.

Kazi yao ya kila siku ni kuandaa ritani, yaani taarifa za mapato na kodi, kupitia makadirio ya kodi kabla mteja hajakutana na afisa wa Mamlaka ya Mapato (TRA), na kukagua risiti za EFD, zile za mashine za kielektroniki. Mimi niliwapelekea bahasha ya risiti za manunuzi ambazo maandishi yake yalikwisha kufifia. Kijana aliyenihudumia alizipanga kwa tarehe, akazipiga picha moja moja kabla hazijafutika kabisa, kisha akanionyesha manunuzi ambayo nisingeyaingiza kwenye hesabu. Bei unaambiwa kabla kazi haijaanza. Kasoro ni msongamano: muda wa kulipa awamu unapokaribia, mwishoni mwa Machi na Juni, utasubiri sana, na viti havitoshi.

Kinachoitofautisha ofisi hii na nyingine ni hilo darasa, ambalo wateja hawalilipii. Mshauri aliandika ubaoni watu wawili, kila mmoja akipokea shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Wa kwanza ni mwajiriwa, na kwa viwango vya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, kiasi hicho kinakatwa shilingi 278,000. Wa pili anapokea gawio, yaani sehemu ya faida, la hisa za kampuni iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, na kodi ya zuio, inayokatwa kabla hajalipwa, ni asilimia 5, yaani shilingi 75,000. Kwa haki alifafanua kwamba kampuni yenyewe hutozwa asilimia 30 ya faida kabla ya kugawa, kwa hiyo pengo si kubwa kama linavyoonekana ubaoni.

Mjadala ulipamba moto tulipofika kwenye kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani mtu anaponunua umeme wa kulipia kabla. Tangu mwaka 2023 nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa hutozwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Mzee mmoja alisimama akasema kwamba yeye ni mpangaji wa chumba huko Ngarenaro, na kila anaponunua umeme mwanzoni mwa mwezi fedha hiyo inakatwa kwake. Mshauri alimjibu kwa heshima: “Kisheria, mzee wangu, mlipaji ni mwenye nyumba. Mkubaliane akupunguzie kwenye pango.” Mama aliyekaa nyuma yangu akauliza kama jumba la kifahari lenye uzio na bustani huko Njiro, nalo likiwa halina ghorofa, linatozwa kiasi hichohicho. Jibu lilikuwa ndiyo.

Hapo ndipo likaulizwa lile swali: je, kodi wanayotozwa matajiri wakubwa ilenge kupunguza pengo la kipato, au ilenge kujaza hazina tu? Mshauri alisema kazi ya kodi ni mapato, kwamba matajiri wakubwa ni wachache na mali zao huhamishika, na akatoa mfano wa Sweden, iliyofuta kodi ya utajiri, yaani kodi ya mali ya mtu badala ya kipato chake, mwaka 2007. Mfano ni wa kweli, lakini Norway na Uswisi wanaendelea kuitoza hadi leo. Hata hoja ya uchache haisimami vizuri: mwaka 2024, Brazil ilipokuwa mwenyekiti wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, mchumi Gabriel Zucman alipendekeza kiwango cha chini cha asilimia 2 ya utajiri wa mabilionea, watu wapatao 3,000 duniani kote, na akakadiria kwamba kingeingiza dola bilioni 200 hadi 250 kwa mwaka.

Pamoja na hayo, nisingependa tushindane kwa hesabu za mapato peke yake, kwa sababu lengo ndilo linaloamua ni kodi ya aina gani itachaguliwa. Ukiwa na lengo la mapato tu, shilingi 1,500 kwa kila mita ya umeme ni kodi bora kabisa: inakusanywa kwa urahisi na hakuna wa kuikwepa. Ukiwa na lengo la kupunguza pengo, kodi hiyohiyo haifai, kwa kuwa inamlinganisha mwenye jumba na mwenye vyumba viwili, na utalazimika kuthamini majengo na ardhi, kazi ngumu lakini inayowezekana, maana kiwanja hakiwezi kuhamishiwa ng’ambo. Mwenye viwanja vingi asipotozwa kwa thamani yake anaweza kuvishikilia miaka mingi huku bei ikipanda, hadi mwalimu aliyeweka akiba maisha yake yote asimudu hata kimoja.

Nchi yetu ilikwisha kulitamka lengo hilo la kupunguza pengo waziwazi, tena katika mji huu, kwa Azimio la Arusha la mwaka 1967. Katika tathmini yake ya Azimio hilo ya mwaka 1977, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba tofauti ya mshahara wa juu na wa chini, baada ya kodi, ilishuka kutoka 50 kwa 1 wakati wa uhuru hadi takriban 9 kwa 1. Hiyo ilikuwa mishahara, si mali, na uchumi wa miaka iliyofuata ulitutesa kwa sababu nyingi. Hata hivyo lengo lilipimwa kwa namba, na likasogea.

Kwa ritani na makadirio ninaipendekeza ofisi hii bila kusita, hasa kwa mwenye duka dogo asiye na mhasibu, ila nendeni mapema katikati ya mwezi. Nimewaomba kwa maandishi watenge kipindi kizima kwa ajili ya kodi ya majengo na ardhi, na mshauri amekubali kukiandaa msimu wa ritani ukishapita. Mtakaohudhuria mje na risiti zenu za LUKU.