Bakuli la vipande 109 kutoka Mikindani: nilienda kutafuta kasoro

Wakuu habari zenu. Mimi ni seremala hapa Mtwara mjini, milango, vitanda, makabati, mwaka wa 19 huu, kwahiyo haya siyo maneno ya mteja aliyeona kitu kinang'aa akapagawa. Mwezi uliopita jamaa ninayefanya naye kazi alirudi kutoka Mikindani na picha kwenye simu, bakuli la mbao lina mistari myeusi na ya njano imekaa kama ukili wa mkeka, nikamwambia hiyo rangi bana, mtu kapaka. Akasema hajapaka, kaunga. Tukabishana mpaka chai ikapoa, mwisho nikapanda daladala nikaenda mwenyewe.

Karakana usitegemee kuona cha maana, ni banda nyuma ya nyumba, mashine moja ya kukereza ya kuunda mwenyewe, msumeno wa meza, na ndoo za rangi zimejaa vipande vidogo vidogo, huku mpingo, huku mninga, huku mfenesi. Nikamwamkia mzee shikamoo nikajifanya mteja wa kawaida. Hata dakika haikuisha, nimelishika bakuli nikaligeuza chini juu kabla sijaangalia hata ndani, akacheka, "wewe ni fundi wewe". Ndo ivo, mteja anaangalia mng'ao, fundi anaangalia kitako.

Sasa lenyewe. Upana sentimita 24 hivi, pete nane zimepandana. Pete saba kila moja ina vipande 12 vya mninga, ile ya katikati ina vipande 24, mpingo na mfenesi vinapokezana, jumlisha kitako kimoja, hesabu inakuja 109. Nimehesabu mara mbili. Na pete zimekaa kama matofali ya ukuta, mshono wa juu hauangukii mshono wa chini. Nikapitisha ukucha kwenye mishono yote pale kwenye mpingo nikitafuta mahali utakwama, haukukwama. Hapo nikaacha kujifanya mteja nikavuta kigoda.

Kwa ambaye hajawahi kujaribu anaweza kuona ni kazi ya kukata na kugundisha tu. Mduara ni digrii 360, ukitaka vipande 12 kila kichwa cha kipande unakikata digrii 15, ukitaka 24 unakata saba na nusu. Rahisi kwenye karatasi. Ila kipande kina vichwa viwili, kwahiyo pete ya vipande 12 ni mikato 24, na msumeno wako ukidanganya nusu digrii tu ule uongo unajikusanya mpaka unafika digrii 12, pete haifungi ng'o. Nimeyajua haya kwa aibu maana niliporudi nyumbani nilijaribu kwa mabaki ya mninga, kumi na moja vikakaa vizuri kabisa nikaanza kujisifu, cha kumi na mbili kikaacha mwanya wa kupitisha kidole.

Nikampigia (hapokei simu huyu mzee, piga mara nne). Akaniambia mwanangu usilazimishe kufunga pete nzima kwa mpigo, gundisha nusu mbili, vipande sita huku sita huku, zikikauka chukua kila nusu uisugue zile ncha zake mbili kwa pamoja juu ya msasa uliobandikwa kwenye ubao ulionyooka, zikilala sawa ndo unaunganisha, uongo wote unaishia hapo. Miaka 19 nasugua mbao sikuwahi kuwaza hilo.

Kingine nilichojifunza, mpingo una mafuta, gundi nyeupe haiushiki vizuri, yeye anafuta uso wa kila kipande kwa thina halafu anagundisha hapohapo. Na mpingo huo hanunui gogo, anaokota mabaki kwa wachonga vinyago, maana mpingo mnaujua, umepinda, mara nyingi una uwazi katikati, kupata bakuli la upana ule kwenye gogo moja ni bahati. Halafu bakuli la gogo moja hasa likikerezwa bichi linakauka linakuwa yai, hili nyuzi za mbao zinazunguka na pete na mbao haivimbi kwa urefu wake, mduara unabaki mduara hata kwa unyevu wetu huu wa pwani.

Niliagiza la kwangu kama lile, lilipokuwa tayari nikalileta kijiweni nikaliweka juu ya meza ya randa bila kusema neno. Kazi zilisimama jamani. Lilizunguka mikono yote, na kila aliyelishika aliligeuza chini kwanza. Dogo mmoja wa msasa akauliza limepakwa nini, akazomewa, wakati mimi mwenyewe mwanzoni nilidhani hilohilo, nikanyamaza kimya. Fundi mmoja mkubwa kwetu hapa, mtu ambaye hajawahi kusifia kazi ya mtu tangu nimjue, alilishika muda mrefu, akalirudisha taratibu kwa mikono miwili, akasema "huyu ana subira". Kwake yeye hiyo ni tuzo.

Bei alianzia 180,000 tukamalizana 150,000. Kijiweni walisema hiyo nusu kitanda, lakini waliposhika wenyewe hakuna aliyerudia.

Malalamiko ninayo. Aliniambia wiki moja, ikawa tatu, umeme umekatika, gundi haijakauka, sijui nini. Ndani chini ya pete ya tatu kuna doa la gundi kama punje ya mchele, vanishi haikushika pale, nilimuonyesha akasema ameliona, akanipunguzia 5,000 bila ubishi. Na kufunga mzigo hajui kabisa, kalizungusha gazeti na kamba nikarudi na bodaboda roho mkononi. Kitako nacho ni kipande kizima kimegundishwa kwenye pete, hicho ndo kitavimba na kusinyaa, nitakiangalia masika yakifika. Wa kupeleka nje ya nchi ulizeni vibali mapema, jamii nzima ya mpingo iko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017.

Siyo la mchuzi hili. Nililiweka juu ya kabati la sebuleni, kesho yake nikakuta mama watoto kalijaza korosho, nikamwambia toa akaniuliza sasa bakuli la nini. Korosho zimebaki.

Ukienda nenda asubuhi, na kama una mfenesi mkavu mbebee, anautafuta kweli na atakupunguzia.